Chenji ya Sauti

Bi Atuganile aliniletea memori kadi
ndani ya fundo la khanga, pale anapofungia hela.
"Humu yumo kaka yangu," akasema,
"ila anaimba kama nyuki kwenye debe."

Kwaya ya Katumba, mwaka tisini na nne.
Kaseti iliyopita mikono mitatu
kabla kijana wa stendi ya Tukuyu hajaibana
ikawa faili dogo, lienee kwenye simu ya tochi.
Sauti ya nne, wanaume watano.
Mmoja wao ni Anyosisye,
aliyezikwa mimi sijazaliwa.

Programu ya kuchezea muziki niliiandika mwenyewe
hapa Mwanjelwa, juu ya duka la mbolea.
Watu elfu mbili wanayo. Hakuna aliyewahi kulalamika.
Lwitiko, tunayegawana kodi, akaniuliza:
"Nani atasikia tofauti? Watu wanasikilizia kwenye bajaji."

Usiku ule nikafungua kisimbuzi,
si kile cha televisheni, hiki changu,
mistari mia sita ya harakaharaka
niliyoiandika mwaka ule wa kukosa kazi.
Baridi ya Juni imekalia kibodi.
Nikajikuta mwizi.

Kila sekunde, sampuli elfu arobaini na nne na mia moja
hupita mkononi mwangu, kila moja na desimali zake,
nami desimali nazikata, nazitupa,
kama muuza duka anayesema "sina chenji"
kwa mtoto aliyetumwa chumvi.
Hamsini leo, hamsini kesho,
na wimbo unapofifia,
pale sauti ndogo inapohitaji kila senti yake,
ndipo nyuki walipojenga.

Na walipopaza wote kwa pamoja
nilikata vilele. Bapa.
Kama mtu aliyeona Rungwe inazidi fremu ya picha
akautia mlima panga.

Nikaanza kurudisha.
Nikashusha kipimo kabla ya hesabu, vilele vipate pa kupumulia.
Nikaacha kukata, nikakadiria namba iliyo jirani.
Kisha lile ambalo Lwitiko hadi leo analiita uganga:
ili kelele ipungue, nikanyunyiza kelele,
nyembamba, ya kubahatisha,
mfano wa manyunyu ya kwao Tukuyu
yasiyolowesha shati ila vumbi linatulia.
Nyuki wakanyamaza.

Saa tisa usiku nikasikia kikohozi.
Nikasikia benchi likisogezwa.
Nikasikia mvua juu ya bati,
mvua ya mwaka tisini na nne,
nikachungulia nje: nyota tupu.

Lakini nisijisifu. Aliyelibana faili pale stendi
alitupa vitu ambavyo hakuna hesabu ya kuvirudisha.
Wingu likiufunika Rungwe unangoja tu, mlima upo.
Hili si wingu.
Zipo pumzi za Anyosisye zilizobaki sakafuni mwa kile kibanda,
zikafagiliwa na maganda ya karanga.
Yangu ilikuwa moja tu:
nisimwibie aliyekwisha kuibiwa.

Jumamosi Bi Atuganile akarudi, na viazi nusu debe.
Nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba.
Hakusema sauti imetakata. Hakusema asante.
Alisikiliza akitazama dirishani, vibarua wakishusha magunia,
dakika tatu na nusu,
kisha pembe ya mdomo ikampinda.

"Kumbe kweli," akasema, "anaingia mapema.
Hapo, ubeti wa pili. Wenzake hawajavuta pumzi, yeye keshaanza.
Mwalimu akimkata jicho kila Jumapili,
naye anakana. Miaka thelathini
mimi namtetea!"

Akacheka hata hedifoni ikamwangukia shingoni.
Akaivaa tena, akaikandamiza kwa viganja.
"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu.
Hapo anapokosea."